Misa Nzima Nimeshika Mshumaa

Ndiyo, ni mimi. Yule mzee mnayesimuliana habari zake kwenye magenge ya Bigwa, aliyesimama mbele ya kanisa misa nzima ameshika mshumaa kwa mikono miwili kama mtu aliyekamata mwizi akaogopa kumwachia, ndiye mimi, Alois, fundi wa kukereza mbao, wala sijifichi. Nimesikia mnavyoisimulia, na mmeitia chumvi mpaka mwenye habari siitambui (eti mshumaa uliniunguza ndevu, ndevu zipi, mimi kidevu changu hakijawahi kuotesha kitu cha kuungua). Sasa nipeni nafasi niiseme mwenyewe. Aibu niliipata, tena mchana kweupe, mbele ya Baba Paroko na wazazi na watoto wachanga. Lakini niliipata kwa sababu yangu mimi, si kwa hiyo mnayoisema ninyi, ya uzee, na kati ya sababu hizo mbili kuna tofauti kubwa, ndiyo maana nasumbuka kueleza.

Kwanza muijue mashine, maana bila mashine hamtaelewa chochote. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, siku mwalimu aliponituma nikamkatie fimbo ya kunichapia, nami nikaikata, tena nzuri, ya mpera, nikatembea nayo moja kwa moja mpaka kwa mjomba wangu huko juu mlimani, sikurudi tena. Mjomba ndiye aliyenilea na kunifundisha mbao. Kwa hiyo hesabu zangu ni za vidole na jicho, na hata hii mashine nitawaeleza kwa maneno ya jicho.

Mashine ya kukereza ina reli mbili zimelala sambamba kama mbavu za kitanda. Kushoto kuna kichwa, na ndani ya kichwa kuna mhimili unaozungushwa na mota kwa mkanda. Kulia kuna mkia. Mkia hauzunguki, unateleza tu juu ya reli, mbele na nyuma. Kichwa kina ncha na mkia una ncha, mti unabanwa katikati, unazunguka, wewe unaleta patasi yako taratibu na maganda yanaruka mpaka kile kigogo kinakuwa mguu wa kitanda, au mchi, au chochote ulichokusudia. Sasa ukitaka kujua kama mashine yako imenyooka, unatoa mti, unausogeza mkia mpaka ncha yake ikutane na ya kichwa. Zikibusiana, mashine imenyooka. Zikipishana, hata kwa unene wa ukucha, moja inatazama Dar na nyingine inatazama Dodoma, hapo unalegeza bolti za kichwa, unakipandisha au unakisogeza, unaweka kipande cha bati chini ya mguu wake, unakaza, unapima tena. Ndivyo hivyo tu. Kazi ya uvumilivu.

Kwa miguu ya vitanda, mashine ikipinda kidogo hakuna atakayejua, maana mti umeshikwa na ncha zote mbili na utatoka mviringo tu. Ubaya unakuja kwenye kutoboa. Mkia wa mashine yangu hauna mahali pa kufungia keke, chuma cha kutobolea, kwa hiyo keke naifunga kichwani, inazunguka yenyewe, na mti naushika kwa mkono huku mkia ukiusukuma kutoka nyuma. Kichwa kikiinama, keke inainama nacho, na tundu linaingia kombo, na wewe uliyeshika mti huoni kitu, unaona tundu la mviringo zuri kabisa, unalipuliza vumbi na kujipongeza.

Basi masika yaliyopita udongo ulishuka kutoka mlimani, kama mnavyojua, ukala migomba ya watu, na sakafu ya karakana yangu nyuma ya nyumba ikadidimia upande wa kichwa cha mashine. Nikapima ncha, zikapishana. Kichwa kimeshuka. Na wakati huohuo ndipo akina mama wa kigango, kanisa letu dogo, walikuwa wameniagiza kinara cha mshumaa mkubwa wa Pasaka, ule unaowashwa pia siku za ubatizo, maana cha zamani kililiwa na mchwa.

Na wakati huohuo, kana kwamba hayo hayatoshi, akaja binti yangu Veronika kutoka Turiani anakokaa na mumewe. Vero ni mtoto mwema, ila ana huruma, na huruma ya mtoto kwa mzazi ni kitu cha kuogopa. Alipofika alinikuta nimekaa barazani namwambia mbuzi wa jirani "karibu sana, pita ndani" (jua lilikuwa linazama, na mbuzi mwenyewe alikuwa amesimama vibaya, amepanda miguu ya mbele juu ya ukuta kama mtu anayepiga hodi). Vero hakucheka. Ingekuwa heri angecheka. Aliweka kikapu chini akasema, "Baba, macho hayo."

Kesho yake akaanza. Kwamba nimezeeka. Kwamba patasi ikiruka itanitoa jicho, na mengine ya namna hiyo. Kwamba yuko mtu Mikese ana karakana pale barabarani, anatafuta mashine kama yangu, mumewe ameshazungumza naye, na chumba changu Turiani kimeshapakwa rangi.

"Turiani nikafanye nini?" nikamuuliza.

"Upumzike, Baba."

"Nipumzike nikiwa nafanya nini?"

Nililiona jibu mwenyewe: kiti cha plastiki barazani, mimi juu yake, natazama miwa inavyoota. Miwa, ndugu zangu! Mimi niliyezoea kuona kitu kinabadilika chini ya mkono wangu kabla chai haijapoa, nikatazame miwa.

Tukabishana mpaka mama yake akaingilia kati. Mke wangu, mama Vero, akasema: tazameni, kuna kinara cha kanisa, na afanye hicho. Kikitoka kizuri, Vero usiseme tena habari za Mikese. Kikitoka kibaya, baba Vero, mashine iende, nasi twende. Vero akakubali. Nami nikakubali, tena kwa kishindo, nikipiga kifua. Kwa hiyo mjue kwamba nilipoingia karakana sikuwa naingia kutengeneza kinara, nilikuwa naingia kujitetea.

Sasa ndiyo inakuja ile hatua ndogo.

Nililegeza kichwa, nikakiinua, nikapima kwa jicho pengo la kuziba. Nilihitaji bati. Debe la kukatia bati lilikuwepo, lakini mama Vero alikuwa ameliotesha mchicha, na ule mchicha ulikuwa umechipua vizuri, nikaona haya kuung'oa. Nikatazama huku, nikatazama huku. Mlangoni zilikuwa zimekaa ndala za mama Vero, za bluu, zenye maua meupe. Nikachukua moja nikaibinya. Unene wake, ukikazwa na bolti, ulikuwa uleule nilioutaka, kana kwamba kiwanda kilitumwa. Nikajiambia kisigino tu, kwani mtu anakanyagia kisigino chote? Nikachukua kisu, nikakata kisigino, nikakisukuma chini ya mguu wa kichwa cha mashine, nikakaza bolti, nikaleta mkia.

Zikabusiana. Ncha kwa ncha! Hata unywele haupiti.

Tena kilichonidanganya zaidi ni kwamba mashine ilinyamaza. Zamani ilikuwa ikipiga kelele mpaka kuku wanahama, sasa mpira wa ndala ukameza mtetemo wote, ikawa inanguruma kama paka aliyeshiba. Mama Vero akapita dirishani akasema, "Leo mashine imetulia, umeifanya nini?" Nikasema, "Ufundi."

Jioni akatafuta ndala zake. Akaiona moja haina kisigino. Akaja nayo ameinyanyua, akauliza nani kafanya hivi, na mimi (hapa nacheka hata sasa, ingawa haichekeshi) nikasikia mdomo wangu unasema, "Si atakuwa yule mbwa wa Kasiani?"

Kasiani ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na zaidi ya ujirani, kabila lake na kabila letu ni watani, yeye Mhehe mimi Mluguru, yaani akitaka kunitukana mbele ya watu ananitukana, nami siruhusiwi kukasirika, na kinyume chake. Mbwa wake anaitwa Bosi. Mama Vero akatoka pale na ile ndala mkononi mpaka kwa Kasiani, akasema maneno yake yote, Kasiani akaitazama ndala, akamtazama Bosi, akamwambia, "Bosi, umenivunjia heshima kwa kisigino?" akamfunga kamba kwenye mpapai. Na Bosi akakaa pale akilia kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nikimsikia natengeneza kinara.

Kinara nilikitengeneza vizuri, hilo hakuna anayeweza kuninyang'anya. Mti wa mninga mkavu, urefu wake unanifika kifuani, chini kipana kama sahani ya ubwabwa, katikati nimekipa kiuno na vifundo kama mua (labda ni Turiani ilikuwa kichwani mwangu), na juu kikombe cha kuketisha mshumaa. Kile kikombe ndicho nilichokitoboa. Nilitoboa kwa keke kina cha shubiri, kisha nikatanua kwa patasi nikifuata njia ya keke mpaka tundu likatosha mshumaa mnene. Mshumaa wenyewe sikuwa nao, ulikuwa umefungiwa sakristia. Nilikuwa na kipimo cha unene wake tu, kamba ambayo katekista aliuzungushia mshumaa akanipa. Nikapima unene, ukatosha. Nikapaka mafuta, kikang'aa. Vero mwenyewe akakipapasa akasema, "Baba, kizuri." Siku ile nililala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili ya ubatizo tukapanda kigangoni, kule juu kanisa linapotazama mji wote. Vijana wawili wa kwaya wakakibeba kinara mbele, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nyuma yake nimevaa koti la harusi ya Vero, natembea kama baba wa bibi harusi kwa mara ya pili. Kanisa limejaa. Mbele wamekaa wazazi na watoto wachanga wamevaa meupe. Wakakiweka kinara pembeni ya altare. Katekista akauleta mshumaa, mrefu na mweupe, akauchomeka, akauwasha, akarudi nyuma hatua kadhaa ili autazame.

Ukainama.

Haukuanguka. Afadhali ungeanguka, kitu kikianguka watu wanasema pole. Uliinama taratibu, ukasimama umeinama, kama mlevi anayemsalimia mkwewe. Kwenye kikombe kosa lilikuwa dogo kiasi cha punje ya mchele, lakini mshumaa ni mrefu, na huko juu kwenye moto ile punje ilikuwa imeshakuwa mchi.

Ukawa umeelekea kitabu cha Padre. Katekista akakizungusha kinara kidogo, mshumaa ukaelekea kwaya, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akasogeza kilemba chake. Akakizungusha tena, ukaelekea watoto wachanga, wazazi wakavuta pumzi. Upande uliobaki ulikuwa wa ukutani, na ukutani kulikuwa na pazia jipya. Hapakuwa na upande salama. Popote ulipoelekezwa ulikuwa na cha kuchoma.

Halafu kutoka nyuma nikasikia sauti ya Kasiani, ya kunong'ona, lakini mnong'ono wa Kasiani unasikika mpaka stendi:

"Mtani! Mshumaa wako unasinzia, na mahubiri hata hayajaanza!"

Kanisa likacheka. Likajizuia, lakini lilicheka, nilisikia mabenchi yakilia. Nikamtazama Vero. Alikuwa ameweka kanga usoni. Mabega yake yangetikisika ningejua anacheka, lakini yalikuwa yametulia.

Hapo ndugu zangu mtu ana njia mbili. Anaweza kutazama chini na kujifanya anasali. Wengi mngefanya hivyo, mnajijua. Mimi nikasimama. Nikatoka benchi, nikapita katikati, viatu vyangu vinalia kwi kwi kwi, nikafika mbele, nikainama mbele ya altare, nikaushika ule mshumaa kwa mikono miwili, nikaunyoosha, nikasimama nao.

Baba Paroko akaniambia kwa upole, "Mzee Alois, kaa tu, tutautegemeza na kitu."

"Sikai, Baba. Nimekitengeneza mimi, nitakitegemeza mimi."

Akanitazama, akaona huyu hatoki, akaendelea na misa.

Mnaouliza ilikuwaje, ilikuwa ndefu. Mahubiri ya Jumapili ile yalikuwa juu ya nuru, na kila Padre aliposema "nuru" aliunyooshea mkono mshumaa, na watu wote wananitazama mimi. Nta ikashuka ikanidondokea vidoleni, sikupiga kelele. Mtoto mmoja mchanga akanikazia macho mpaka akasahau kulia. Na ulipofika wakati wa wazazi kuja kuwasha mishumaa midogo ya watoto wao kutoka kwenye ule mkubwa, ikawa taabu nyingine, kwa sababu mtu mwenye adabu za kwetu hawezi kuja mpaka puani kwa mzee akakaa kimya, kwa hiyo kila aliyefika alisema chinichini "shikamoo," nami nikawa naitika "marahaba, marahaba, washa hapo, marahaba," foleni nzima, kama bwana harusi anayepokea wageni mlangoni. Kwaya ikakosa mahali pa kuanzia wimbo kwa kucheka.

Nikashika mpaka baraka ya mwisho. Mshumaa ulikuwa wima. Wima kabisa. Waulizeni waliokuwepo.

Nje, Kasiani alikuwa ananisubiri mlangoni, amejikunja upande mmoja kama ule mshumaa.

"Shikamoo kinara!"

"Nyamaza wewe."

"Mtani, wengine wanatoa sadaka ya kuku, wewe umejitoa mwenyewe uwe nguzo! Jumapili ijayo njoo na mto, usimame ukiwa umeegemea."

Hiyo sikuijali, ndiyo kazi ya mtani. Kilichoniuma alikuwa Vero. Alikuja akanishika mkono, ule wenye nta, akaanza kuibandua taratibu na kusema, "Si kosa lako, Baba. Ni umri tu." Na mkono wake mwingine tayari umeshika simu.

Ni umri tu! Angeniambia nimefanya uzembe, ningemshukuru. Uzembe ni wangu, naweza kuuacha kesho. Umri nitauacha wapi?

"Usipige simu," nikamwambia. "Macho yangu hayana kosa. Twendeni karakana."

Tukashuka, mimi na Vero, vijana wa kwaya wakakirudisha kinara, na Kasiani akatufuata (hakualikwa, alisema amekuja kwenye msiba wa mashine). Mama Vero akaingia ndani kuvua viatu vya kanisa. Nikafungua karakana, nikamwita Vero, nikasema tazama, ncha zitapishana, utaona mashine imepinda. Nikausukuma mkia.

Zikabusiana.

Ncha kwa ncha, safi, kama siku ya kwanza. Kasiani hakunitania, na hilo ndilo lililonitisha, maana Kasiani akikunyamazia ujue amekuhurumia. Kama mashine imenyooka na tundu limepinda, basi kilichopinda ni kilichoshika mti, yaani mimi. Nikaiona miwa. Naapa niliiona, inatikisika.

Nikaweka mkono juu ya kichwa cha mashine, cha baridi, kimelala, mkanda nilikuwa nimeuvua tangu Ijumaa. Na hapo nikaelewa. Nilikuwa napima mashine iliyolala! Siku ninayotoboa mkanda umekazwa unakivuta kichwa chini, mota imepata moto, na chini ya mguu wake kuna nini? Kuna mpira. Mpira ukipata joto na uzito unabonyea, ukipumzishwa unarudi. Mashine ikifanya kazi inainama, ikipumzika inanyooka, halafu mimi naipima ikipumzika.

Furaha ikanipanda, halafu ikakwama. Kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama mama Vero, amebadilisha viatu, amevaa ndala zake za bluu, na mguu mmoja kisigino kinakanyaga udongo.

Mnanielewa nilipokuwa? Nikinyamaza, mashine inakwenda Mikese, na Bosi anabaki na kesi yake. Nikikiinua kichwa, mashine inapona, na mimi nafungwa kwenye ule mpapai. Kasiani pale. Mama Vero pale. Kwa mbali Bosi analia, kama aliyejua.

Nikarudisha mkanda, nikaukaza, nikawasha mota. Nikaiacha ingurume mpaka ikapata moto sawasawa. Nikazima, mkanda ukiwa bado umekazwa, nikasukuma mkia. "Vero, wewe una macho mazuri. Njoo utazame."

Akainama. "Zimepishana," akasema. "Baba! Zimepishana."

"Kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele."

"Haya. Sasa simameni mbali, na mama Vero, nakuomba uketi."

"Niketi kwa nini?"

Hakuketi. Nikachukua spana, nikalegeza bolti, nikakiinua kichwa, nikaingiza vidole, nikatoa kile kisigino, kimebanwa kimekuwa chembamba kama chapati, lakini ua lake jeupe liko palepale, limejaa, linang'aa.

Mama Vero akatazama kisigino. Akatazama mguu wake. Akatazama kisigino.

"Baba Vero. Hicho si kisigino changu?"

"Ndicho."

Na Kasiani akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima: "Bosi! Bosi wangu! Kafungwa bure! Mbwa mcha Mungu, kafungwa bure kwa ajili ya ufundi wa Mluguru huyu!"

"Wewe Mhehe, leo unamlilia mbwa badala ya kumla?" nikamjibu, maana hata nikiwa na hatia siwezi kumwachia mtani. "Mimi mwizi wa kisigino, sawa. Nimesema uongo, sawa. Mama Vero, utanisema mpaka Krismasi, sawa. Lakini semeni wote hapa: macho yangu yana kosa gani? Mkono wangu una kosa gani? Jicho hili ndilo lililopima pengo, na mkono huu umetoboa palepale mashine ilipouelekeza. Vero, wewe umenipima nimekaa barazani naongea na mbuzi. Mtu hapimwi akiwa amekaa!"

Vero ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye maganda ya mbao na gauni lake la kanisa. Mama yake alijizuia, akajizuia, kisha akanirushia ile ndala nyingine, ikanipata begani, halafu akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa mchicha wake mwenyewe, akaniletea debe. "Kata bati," akasema. "Na ukimaliza utanipandia."

Nikakata bati. Nikaweka, nikakaza, nikawasha, ikapiga kelele zake za zamani mpaka kuku wakahama, ikapata moto, nikazima, nikausukuma mkia, Vero akatazama: zimebusiana. Nikakereza kizibo cha mninga, nikakigundisha kwenye lile tundu la aibu, na gundi ilipokauka nikatoboa upya. Kasiani alikwishamfungua Bosi, akamleta mpaka karakana, akadai faini ya utani kwa niaba ya mbwa, akajichukulia jogoo wangu mwekundu akaondoka naye kwapani. Ni haki yake. Jogoo alikuwa mzuri.

Jumapili iliyofuata mshumaa ulisimama. Kasiani alikuja na pima maji ya fundi mwashi, kanisani, akakaa nyuma amefumba jicho moja, na baada ya misa akatangaza kwa wote kwamba kinara kimenyooka kuliko aliyekitengeneza. Na mimi nimekaa benchi, mikono mapajani, nasikiliza mahubiri kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo chekeni, mmeruhusiwa. Ninachoapa ni hiki: chini ya kichwa cha mashine yangu haitaingia tena ndala, wala mpira wa aina yoyote, ni bati tu, na sitapima tena mashine kabla haijapata moto. Habari za kuacha kukereza msinisubirie.

Jumapili hiyohiyo tulikuwa bado tumesimama nje ya kanisa pale simu ya Vero ilipolia. Akaitazama, akanitazama. "Ni yule mtu wa Mikese. Anauliza aje lini kuichukua."

"Mwambie mashine haiuzwi," nikasema. "Lakini asije akaona tumempotezea muda. Mwambie kuna ndala za bluu, zina maua, bado nzima. Kasoro kisigino kimoja."